Uti wa Mgongo wa Mtoto Hujengwa Kabla Mama Hajajua Kuwa ni Mjamzito

(Hotuba ya Mratibu wa Mradi wa Afya ya Jamii wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa wanawake, wainjilisti, walimu wa mafundisho ya ndoa na wenye mashine za kusaga nafaka.)



 Tunajua kila mmoja ameacha kazi nyumbani. Tangu asubuhi baadhi yenu mmetuuliza, mwenye mashine ya kusaga ana uhusiano gani na mafundisho ya mgongo wa mtoto? Tunaomba mtuvumilie. Jibu litajitokeza tukiendelea.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Kwa miaka kadhaa mradi wetu umewahimiza akina mama wajawazito kwenda kliniki mapema na kumeza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ndani yake mna madini ya chuma na foliki asidi. Katika mafundisho yetu tulisema kwamba vidonge hivyo, pamoja na faida zake nyingine, vinamkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Tuliandika hivyo hata katika taarifa zetu kwa wafadhili.

Siku moja tulimtembelea mama ambaye mtoto wake alizaliwa na uvimbe mgongoni, sehemu ya kiuno. Bibi wa mtoto alitupokea, tukamwamkia, tukakaribishwa uji. Kisha yule mama akatuuliza kwa sauti ya chini: "Ninyi ndio mliotufundisha. Nilianza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu. Vidonge nilimeza vyote, na kadi yangu hii hapa. Sasa mimi nilikosea wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimpa pole, tukaondoka tukiwa na aibu. Tuliporudi tuliwauliza wataalamu, tukasoma, na hayo tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea leo. Kwa kifupi, yule mama hakukosea mahali popote. Sisi ndio tuliokuwa tukifundisha jambo la kweli kwa wakati usiofaa.

Mgongo wetu ulivyo

Ili tuelewane vizuri, tunaomba kila mmoja ainamishe kichwa kidogo, apeleke mkono nyuma ya shingo na ashuke taratibu kwa vidole. Pale shingo inapokutana na mgongo kuna kinundu kinachojitokeza zaidi ya vingine. Kwa watu wengi hiyo ni ncha ya pingili ya 7 ya shingo. Endelea kushuka, utazigusa nyingine moja baada ya nyingine kama vifundo vya muwa.

Mtoto huzaliwa na pingili 33. Za shingo ni 7, za kifua zinazoshika mbavu ni 12, na za kiuno ni 5. Chini yake kuna 5 ambazo baadaye huungana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, uitwao sakramu, na mwisho kabisa kuna kama 4 ndogo zinazoungana kuwa kifandugu. Ndiyo maana mtu mzima akihesabiwa mifupa ya mgongo hukutwa nayo 26 tu. Na kwa wale wanaopenda kujua, twiga naye ana pingili 7 za shingo kama sisi, isipokuwa zake ni ndefu.

Tuangalie pingili moja. Mbele kuna kipande kinene mfano wa ngoma ndogo. Hicho ndicho kinachobeba uzito, na kadiri unavyoshuka kuelekea kiunoni kinazidi kuwa kikubwa, kwa sababu mzigo unaongezeka. Nyuma yake kuna tao la mfupa. Kati ya ngoma na tao hubaki tundu. Pingili zikipangwa moja juu ya nyingine, matundu yale hufuatana na kuwa mfereji mmoja mrefu. Katika tao huchomoza mwiba mmoja kwenda nyuma, ambao ndio tulioushika kwa vidole, na miiba miwili ya pembeni ambayo misuli hushikilia. Kuna pia vichomozo vinne vidogo, viwili juu na viwili chini, vinavyounganisha pingili na jirani zake. Kati ya ngoma na ngoma kuna mto laini unaopunguza mshtuko tunapotembea au tunapobeba ndoo kichwani. Wengi wenu mnaujua kwa jina la diski.

Ndani ya ule mfereji ndimo inamopita kamba ya mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo, ambayo wataalamu huiita ugwemgongo. Kutoka kwenye kamba hiyo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, zikipenya katikati ya pingili kwenda mwilini. Ile ya sehemu ya chini huenda miguuni, kwenye kibofu cha mkojo na kwenye njia ya haja kubwa. Tunaomba mkumbuke jambo hili, kwa maana litatusaidia kuelewa kwa nini mtoto mwenye kidonda kiunoni hushindwa kusimama na kuzuia mkojo.

Kazi inayofanyika katika siku 28

Sasa tuhesabu siku tangu mimba ilipotungwa. Katika wiki ya 3 kiinitete ni kitu bapa chenye tabaka tatu, urefu wake haujazidi sana punje ya ulezi. Katikati yake hujitokeza uzi mwembamba uitwao notokodi. Uzi huu ni kama kamba ya fundi mwashi: ndio unaoonyesha mgongo utapita wapi. Tabaka lililo juu ya uzi huo hunenepa, kisha kingo zake mbili huinuka kama pindo mbili za kitenge, zikaelekeana mpaka zikakutana na kuwa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na ugwemgongo.

Kingo hizo huanza kukutana kwenye siku ya 22 hivi, katika sehemu ya shingo, na kufungwa kunaendelea pande zote mbili, kama zipu mbili zinazovutwa kutoka katikati, moja kwenda juu na nyingine kwenda chini. Tundu la upande wa kichwa hufungwa karibu na siku ya 25. La upande wa kiuno hufungwa karibu na siku ya 27 au 28.

Wakati huohuo, pembeni mwa mrija hujipanga vitufe vidogo viwili viwili, kulia na kushoto, viitwavyo somiti. Huanza kuonekana kama siku ya 20, na mwisho wa wiki ya 5 huwa zimefika jozi 42 hadi 44. Chembe hai za somiti huhama na kwenda kuuzunguka ule uzi na ule mrija ili kujenga pingili.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Somiti moja haitengenezi pingili moja. Nusu ya chini ya somiti moja huungana na nusu ya juu ya ile inayofuata, na hizo nusu mbili ndizo zinazokuwa pingili. Misuli yenyewe hubaki mahali pake. Matokeo yake ni kwamba kila msuli hushika pingili mbili, wa juu na wa chini, kama bawaba inavyoshika mlango na fremu. Bila mpango huo tusingeweza kuinama tupande mbegu wala kuinuka tena. Mabaki ya ule uzi wa mwanzo huendelea kuwa kiini laini cha diski.

Wiki ya 6 pingili huwa ni gegedu, yaani ile mifupa laini kama ya sikio. Karibu na wiki ya 8 mfupa mgumu huanza kuingia. Mtoto anapozaliwa, pingili yake nyingi huwa bado ni vipande vitatu: ngoma moja na nusu mbili za tao. Nusu hizo huungana nyuma katika miaka ya mwanzo ya utoto, na mfupa hukamilika kabisa mtu akiwa na miaka kama 25.

Kilicho muhimu kwetu ni hiki: mfupa hufuata mrija. Mrija ukifungwa vizuri, tao hujengwa juu yake kama paa. Mrija usipofungwa, nusu mbili za tao haziwezi kukutana. Jina la kitaalamu, spina bifida, ni la Kilatini, nalo lina maana ya mwiba uliopasuka pande mbili. Sisi tunasema mgongo wazi.

Hali hiyo ina viwango. Kuna watu wengi ambao tao la pingili moja ya chini halikuungana sawasawa lakini ndani kila kitu ni salama. Wanalima, wanazaa, na hawajui. Kuna watoto ambao utando pamoja na maji yake hutokeza nje kama mfuko. Na kuna wale ambao mfuko huo umebeba mishipa ya fahamu yenyewe, na hawa ndio wanaoumia zaidi. Upande wa kichwa usipofungwa, ubongo haukamiliki na mtoto haishi.

Tulichelewa wapi

Sasa turudi kwa yule mama, tuhesabu pamoja naye. Mimba ilitungwa. Baada ya siku kama 14, hedhi aliyoitarajia haikuja. Akajiambia labda ni uchovu, labda ni malaria. Zikapita siku nyingine 14. Wakati huo mrija wa mtoto wake ulikuwa tayari umeshafungwa, au umeshashindwa kufungwa. Kliniki huhesabu mimba kuanzia hedhi ya mwisho, kwa hiyo kwao hiyo ni wiki ya 6 tu. Yule mama alipofika kliniki na mimba ya miezi mitatu, akiwa amewahi kuliko wenzake wengi, mlango ulikuwa umepitwa kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Hatusemi vidonge vile havina kazi. Vinazuia upungufu wa damu na vinaokoa maisha ya akina mama, na yeyote anayepewa amalize. Tunasema kwamba kwa ajili ya mgongo, foliki asidi inatakiwa iwemo mwilini kabla mimba haijatungwa.

Hili si la kubahatisha. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi 7, kwa akina mama waliowahi kupata mimba ya mtoto mwenye tatizo hili. Waliopewa foliki asidi kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo, tatizo kujirudia lilipungua kwa asilimia 72. Tangu hapo ushauri ni kwamba mwanamke anayetazamia kupata mimba apate mikrogramu 400 kila siku, aendelee mpaka wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii anahitaji kipimo kikubwa zaidi, nacho huandikwa na daktari. Vivyo hivyo mama mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kifafa, hasa iitwayo valproeti, amwone daktari kabla ya kubeba mimba. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kifafa nacho kinaua.

Unga unaingiaje hapa

Mtatuuliza, je, chakula hakitoshi? Foliki ya asili imo kwenye maharage, kunde, karanga, mchicha, matembele, parachichi na machungwa. Tuvile kwa wingi. Lakini hupotea kwa urahisi tunapochemsha mboga muda mrefu na kumwaga maji yake, na mahindi yakikobolewa kuwa sembe sehemu kubwa ya virutubishi huondoka na pumba. Tena mimba nyingi huja bila kupangwa, na msichana wa miaka 18 hamezi kidonge kwa ajili ya mtoto ambaye hajamfikiria.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeamua kuweka foliki asidi ndani ya unga ambao kila mtu anakula. Marekani ilianza mwaka 1998. Afrika Kusini mwaka 2003 iliagiza iwekwe katika unga wa ngano na wa mahindi, na uchunguzi uliofuata ulionyesha watoto wenye matatizo haya walipungua kwa karibu asilimia 30. Kwetu Tanzania kanuni za kuongeza virutubishi katika vyakula zilitolewa mwaka 2011. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani nao ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi ziongeze nguvu katika kazi hiyo.

Lakini ugali wa vijijini kwetu hautoki kiwandani. Mama anabeba debe lake la mahindi kichwani, anapanga foleni kwenye mashine, anasagiwa, anarudi nalo. Unga huo haujaongezwa chochote. Ndugu zetu wenye mashine, hii ndiyo sababu ya kuwaita. Siku hizi kipo kifaa kinachofungwa kwenye mashine ya kawaida, kinapima kirutubishi na kukichanganya unga unaposhuka. Hatuwaahidi kwamba ni rahisi. Kirutubishi kinanunuliwa, na mteja hatakubali shilingi ya ziada bila kuelezwa. Ndiyo maana tunataka mzungumze leo na viongozi wa wanawake uso kwa uso, kwa kuwa wao ndio wateja wenu.

Mtoto akishazaliwa

Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, asipakwe dawa yoyote ya kienyeji, wala uvimbe usifungwe uzi au kutobolewa. Afunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya hospitali, alazwe kwa tumbo au ubavu, anyonyeshwe, na apewe rufaa siku hiyohiyo. Upasuaji wa kufunga mgongo unafaa ufanyike katika siku mbili au tatu za mwanzo, kabla vijidudu havijaingia. Hapa nchini upo, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Wengi wa watoto hawa hupata pia kichwa kikubwa kwa sababu maji ya ubongo hayapati njia. Kichwa kipimwe kila kliniki. Maji hayo hupunguzwa kwa mrija mdogo unaoyapeleka tumboni. Iko pia njia ya kufungua mlango ndani ya ubongo bila kuacha mrija, ambayo iliendelezwa sana katika hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 2001 huko Mbale, nchini Uganda. Kisha mzazi hufundishwa kutoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa kadhaa, ili figo zisiharibike. Mtoto akipata huduma hizo anaweza kwenda shule na akaongoza darasa, awe anatembea kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu.

Kinachowaua wengi ni kufichwa. Wanafichwa kwa sababu ya maneno: kwamba mama alivunja mwiko, kwamba baba alikula cha watu, kwamba ni laana ya ukoo. Katika Injili ya Yohana sura ya 9 wanafunzi waliuliza swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, na Bwana alikataa kumtupia lawama yeye wala wazazi wake. Tufanye hivyo. Na tunawaonya pia juu ya fimbo mpya. Hata foliki asidi haizuii mgongo wazi kwa kila mtoto, maana ziko sababu nyingine, zikiwemo za kurithi. Asitokee mtu kati yetu akamwambia mama, "Ungemeza vidonge." Tukifanya hivyo tutakuwa tumeondoa laana moja na kuleta nyingine.

Tunayowaomba

Walimu wa mafundisho ya ndoa: siku ya kwanza ya matangazo kanisani, bibi harusi mtarajiwa aelekezwe zahanati akaanze foliki asidi. Tusingoje harusi ipite. Viongozi wa wanawake: siku ya kupima watoto uzito, waelimisheni akina mama wanaofikiria mtoto mwingine, na wasichana wa kwaya wasisahauliwe. Wainjilisti: mnapotembelea nyumba, ulizeni kwa upole kama kuna mtoto ndani ambaye hatujamwona. Wenye mashine: tukubaliane hata mashine mbili tu za kuanzia. Na sisi wa mradi tumeshasahihisha vitabu vyetu vya mafundisho, na tumewaandikia wafadhili kuwaeleza kwamba tulikosea.

Tulirudi pia kwa yule mama. Tukamweleza habari ya siku 28 kama tulivyowaeleza ninyi, tukamwambia, "Mama, hukukosea. Ulifanya yote tuliyokuagiza. Sisi ndio tuliokuagiza kwa kuchelewa." Alikaa kimya kwa muda. Kisha akamwita mkwewe aliyekuwa jikoni, akamwita na mume wake, akasema, "Tafadhali, rudieni tena mbele yao."

Tukarudia, neno kwa neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mikono, akampokea mjukuu wake.

 Sasa tukae katika vikundi, wenye mashine pamoja na akina mama.